Keya wa Milimita 28

Binamu yangu alipokuja likizo Desemba kutoka Uingereza, mkoba wake mzito kuliko yote haukuwa wa nguo wala wa zawadi. Mama aliuinua, akauweka chini, akauliza kama huko Leicester siku hizi wanauza mawe. Ndani mlikuwa na askari 120 wa madini, kila mmoja mfupi kuliko kidole changu cha mwisho, wamelazwa kwenye sponji iliyokatwa matundu kama trei ya mayai. Huko anakoishi, mchana anaendesha basi na usiku anapaka askari rangi. Kwa majuma matatu aliwapaka kwenye veranda yetu Namboboto, huku Samia, Busia, nami nikakaa kando yake kwenye kigoda. Mwanzo nilikaa kwa kejeli, kisha kwa udadisi, na mwishowe nikawa ndiye ninayemchemshia chai ili asinyanyuke.

Michezo ya vita vya mezani si ya jana. Kampuni ya William Britain ya London ilianza kuuza askari wa risasi walio wazi ndani mwaka 1893, wepesi na wa bei nafuu. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akatoa Little Wars, kitabu cha kanuni za kuwapiganisha sakafuni, na mwaka uliofuata vita vya kweli vikaanza. Wachezaji wa leo, wengi wao watu wazima, hupanga vilima na vijiji juu ya meza, hupima mwendo wa kila kikosi kwa tepe, na kete ndizo huamua nani kaanguka. Wapo wapenzi wa Waterloo, wapo wapenzi wa Warumi, na wapo wanaopenda Afrika ya wakati Wazungu wanaigawana. Wargames Foundry ya Uingereza ina mkusanyo mzima wa Afrika hiyo, uliochongwa na Mark Copplestone. Kitabu kimoja cha kanuni kinachojulikana sana, cha Chris Peers, kinaitwa Death in the Dark Continent. Nilipolisikia jina hilo nilitaka kumwambia binamu afunge mkoba wake. Yaani babu zetu wapigwe, halafu kupigwa kwao kuwe burudani ya Jumamosi ya watu?

"Keti kwanza uangalie," alisema, macho yakiwa kwenye kazi.

Alikuwa ameshika tupa nyembamba kama njiti ya kiberiti. Kisanamu hutoka kwenye kalibu ya vipande viwili, na pale vipande vinapokutana hubaki mstari wa madini unaopanda mguuni, ukapita ubavuni, ukaishia kofiani. Asiyejua hauoni. Lakini rangi ikifika hapo hujikusanya, na askari mzima akaonekana ameshonwa kama gunia. Binamu aliukwangua mstari huo kwa kisu, akausugua kwa tupa, akapitisha ukucha, akasugua tena. Asubuhi nzima alimaliza wanane. Kisha akawaosha kwa sabuni na mswaki mkuukuu kuondoa mafuta ya kalibu, akawabandika juu ya vizibo vya soda nilivyomwokotea dukani, apate pa kushikia. Tangu hapo kidole hakikumgusa askari tena, kwa sababu jasho la mkono hula rangi.

Baada ya rangi ya msingi, nyeusi, ilikuja kaki. Neno hilo lilitoka kwa Waajemi, na kwao ni vumbi. "Kaki ipi?" aliniuliza, nami nikadhani kaki ni kaki. Kumbe ipo ya sare iliyotoka stoo jana, ipo iliyofuliwa mtoni mara ishirini, na ipo iliyochujuka mabegani tu kwa sababu ya jua huku makwapani bado imeiva. Alichanganya tatu. Rangi zenyewe ni za maji, na jua letu huzikausha kwenye brashi kabla hazijaufikia mkono wa shati. Kwa hiyo alizikamulia juu ya karatasi ya kuokea iliyotandazwa kwenye sponji yenye maji, akawa anafanya kazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, basi. Alipaka tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene, maana nene humeza vifungo. Halafu akakoroga kahawia kwa maji mengi mpaka ikawa kama chai ya rangi, akaiachia itiririke yenyewe. Ilijitafutia mahali pa kulala: kwenye mikunjo, chini ya mshipi, kati ya vidole. Ilipokauka alirudia kaki nyepesi pale tu palipoinuka. Jua la Busia hupiga utosini, kwa hiyo mwanga aliuweka mabegani na juu ya tarbushi, na chini ya kidevu akaacha giza.

Kejeli ilinitoka alipofika kwenye ngozi.

Alikuwa amekuja na visanamu vitatu alivyovipaka zamani, alipokuwa anajifunza, ili kujikumbusha. Nyuso zao zilikuwa kahawia moja ya chupani, na penye mwanga alikuwa ameongeza nyeupe. Walikuwa kama watoto waliotoka kuoga mtoni wakakosa mafuta ya kujipaka. Nyeupe huiua ngozi nyeusi, huigeuza jivu, na ukitazama picha za kazi za wapakaji wengi wa Ulaya utaliona jivu hilo. Siku hizi binamu huanza na wekundu unaokaribia weusi, hupanda kwa kahawia ya udongo wa mfinyanzi, na kwenye shavu, pua na vifundo vya vidole hutia tone lenye umanjano kidogo. Askari mmoja, Msudani, alimwekea ubuluu kwenye kivuli. Jirani yake katika mstari alimwongezea shaba. Katika safu ya wanane hakuna wawili waliofanana, kama vile ukisimama kituo cha matatu Funyula usivyoweza kuona weusi wa namna moja. Mara moja aliniomba mkono wangu, akauweka juani kando ya kisanamu, akaugeuza kiganja juu, akautazama kimya kama daktari. Kisha akaongeza tone.

Jeshi alilokuwa akilipaka ni King's African Rifles, Keya kama wazee walivyoita, lililoanza rasmi Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda. Katika Vita Kuu ya Kwanza Keya wengi walipigana kwa kaki, tarbushi, vitambaa vya buluu vilivyoviringishwa kutoka kifundo hadi chini ya goti, na pekupeku. Askari wa Wajerumani naye alivaa tarbushi, ila yake ilifunikwa kitambaa cha kaki chenye pazia la kukinga shingo, na mbele ikawa na tai wa chuma. Yeye alikuwa na viatu. Kwa hiyo mchezaji aliye upande wa pili wa meza hutambua jeshi kwa kutazama chini. Mchongaji alikuwa amevichonga vidole vyote kumi, na binamu akaviheshimu vyote kumi: nukta moja ya mwanga kwa kila kidole, na kisigino kikapata wepesi wa nyayo za mtu aliyetembea sana. Nilifikiri anatumia brashi ya unywele mmoja. Wala. Ilikuwa brashi ya kawaida, ya tumbo nene linalobeba rangi ya kutosha, bali ncha yake imechongoka kama mwiba. Brashi ndogo mno hukauka kabla hujavuta pumzi.

Siku ya nne akaja mzee jirani, ambaye ukoo wao ni wa wahunzi. Hapa Samia hiyo si sifa ndogo. Milima yetu ina mawe ya chuma, na majembe ya Wasamia yalikuwa yakivuka mpaka kabla mpaka haujawekwa, hadi Busoga na kwa Waluo, na mahari yalilipwa kwayo. Baada ya salamu za mulembe na chai alichukua Keya mmoja kwa kizibo chake, akampima uzito mkononi.

"Hiki si chuma, mwanangu."

"Ni bati lililochanganywa, Mzee."

"Basi moto wake ulikuwa mdogo." Akamsogeza karibu na jicho lake zima, akakaa naye kitambo. "Huyu katoka wapi na miguu misafi hivi? Hospitali?"

Binamu hakujibu. Aliondoka na chujio la chai, akachota udongo mwekundu wa barabarani, akauchuja, akaukaanga kwenye kikaango kuua wadudu (Mama hajamsamehe), akaubandika kwa gundi chini ya kila askari. Halafu alichukua brashi kuukuu, akaichovya rangi ya udongo ule, akaifuta kwenye kitambaa mpaka ikaonekana haina kitu, akaipitisha haraka haraka kutoka vidoleni hadi magotini. Vumbi likakaa kwenye vilele vya mikunjo kama linavyokaa kwetu sote tukishuka bodaboda. Mzee alipofika kesho yake alitikisa kichwa tu, akaomba chai.

Si kila kitu kilienda sawa. Jioni moja mvua ya ziwani ilikuwa imekatika, binamu akaona apulizie vanishi haraka. Hewa ilikuwa nzito kwa unyevu. Askari kumi na wawili walipata ukungu mweupe, kazi ya siku sita ikawa kama imepakwa unga. Hakutukana. Aliwaacha usiku kucha, asubuhi akapaka vanishi ya kung'aa kwa brashi, ukungu ukayeyuka, kisha akasubiri siku kavu ya kurudishia ile isiyong'aa. Mimi ningewatupa mto Sio.

Alitaka pia kupanga vita vya Chetambe vya 1895, ofisa Mwingereza Hobley na askari wake wa Kisudani na bunduki ya Maxim wakiishambulia ngome ya Wabukusu karibu na Webuye. Mkobani mwake hamkuwa na Mbukusu. Aliwaunda mwenyewe kwa kubadilisha visanamu vingine, ngao akizifinyanga kwa gundi ya vipande viwili, ile ya kuzibia mabomba. Mchezo wenyewe tuliucheza mara moja, na sikuupenda. Maxim ni Maxim hata ikiwa ya bati, na kete hazikutusaidia. Kazi iliyotangulia mchezo ndiyo niliyoipenda, na siku hizi nazitenganisha hizo mbili bila taabu.

Nairobi, kwenye Kenyatta Avenue, wamesimama watu watatu wa shaba wa James Alexander Stevenson tangu 1928, na mmoja wao ni mpagazi. Huyo ndiye niliyemwomba binamu amalizie: mtu wa Kariokor, kikosi cha wapagazi, asiye na bunduki, mzigo wa zaidi ya kilo 20 kichwani. Upande wa Waingereza, hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza inapita 40,000, na wengi wao waliuawa na kuhara, malaria na njaa. Mchongaji alikuwa amempa blanketi begani. Miguu ilipata vumbi lake, shingo ikapata mkunjo wa uzito, ngozi ikapata wekundu wa udongo wetu. Tulipofika kwenye blanketi brashi ikasimama. Picha zote alizokuwa nazo binamu zilikuwa nyeusi na nyeupe, naye hakukubali kubahatisha. Likizo ikaisha. Mpagazi amebaki kwangu, juu ya redio, blanketi lake bado ni rangi ya msingi.

Kwa hiyo, msomaji, kama kwenu kuna sanduku la bati la babu aliyekuwa Keya au Kariokor, lifungue. Kama mna blanketi, mshipi au tarbushi, tazama ndani ya mkunjo, pale ambapo jua halijawahi kufika, kabla mende hawajamaliza. Ipige picha mchana, nje, ukiweka karatasi nyeupe kando yake ili rangi isidanganye.