Mswada Umekwisha, Sasa Uende Wapi?

Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili tumezoea kukikata kitabu mapande mawili: fani na maudhui. Tukishamaliza wahusika, mandhari, mtindo, dhamira na ujumbe, tunafunga daftari. Ule ukurasa mdogo wa mwanzo, wenye jina la mchapishaji, mji na mwaka, tunaunakili kwenye marejeo, basi, kazi imekwisha. Katika makala hii nadai kwamba ukurasa huo nao husomwa. Njia ambayo mtunzi amekipitishia kitabu chake huamua nani atakisoma, kwa bei gani, na kwa muda gani. Jambo hili lina uzito wa pekee hapa chuoni, maana wengi wetu tuna miswada chini ya godoro na tunajiuliza tuipeleke wapi.

Kwanza tutenganishe watu wawili wanaochanganywa kila siku. Mchapishaji husoma mswada, huukubali au huukataa, huuhariri, hutoa mtaji na hubeba hasara kitabu kisipouzika. Mpiga chapa hupiga kile ulicholipia, hata kama kina makosa ukurasa mzima. Mtu akikuambia "nitakuchapishia kitabu, lete hela," ujue huyo ni wa pili hata kama amejiita wa kwanza. Si dhambi kumwendea, ila uende ukijua.

Kezilahabi na wachapishaji wake

Hebu tuchukue mfano wa Euphrase Kezilahabi, ambaye vitabu vyake tumevihakiki mpaka vimechakaa. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971 kwa East African Literature Bureau, chombo cha umma kilichoanzishwa mwaka 1948 na kuhudumia nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Kichwamaji ikatoka mwaka 1974 kwa East African Publishing House ya Nairobi, na mwaka huohuo Kichomi ikatoka kwa Heinemann, Nairobi pia. Dunia Uwanja wa Fujo ilirudi Literature Bureau mwaka 1975. Yaani kwa miaka michache tu mtunzi Mtanzania alikuwa na milango mitatu ya kubisha, na yote ilipitia Nairobi.

Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Literature Bureau ikafa nayo, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Gamba la Nyoka, ya mwaka 1979, ikatolewa Arusha na Eastern Africa Publications. Tunapoihakiki riwaya hiyo tunazungumzia vijiji vya Ujamaa, na ni sawa. Lakini nani kati yetu ameuliza kwa nini kitabu kilihama Nairobi? Siasa ileile iliyomo ndani ya hadithi ilikuwa imeshika hata mashine za kuipiga chapa.

Nagona (1990) na Mzingile (1991) zilitolewa na Dar es Salaam University Press. Hapa pana la kujifunza. Ni vitabu vifupi, vigumu, visivyo na hadithi ya kushika mkononi. Mchapishaji anayeishi kwa kuuza vitabu vya shule angesita. Mchapishaji wa chuo kikuu ana hadhira tayari: mhadhiri, mwanafunzi, maktaba. Kwa hiyo siamini kwamba Kezilahabi aliandika vile kwa kipaji peke yake. Palikuwa pia na mlango wa kuingizia kazi ya namna hiyo. Lakini mlango huohuo umeifanya riwaya ile iwe mali ya semina. Nje ya vyuo na shule, wangapi wameishika?

Njia ya Mtobwa

Upande wa pili yuko Ben Mtobwa. Yeye hakungoja kupokelewa. Alianzisha kampuni yake, Heko Publishers, Dar es Salaam, ikatoa vitabu kama Tutarudi na Roho Zetu? (1987) na Dar es Salaam Usiku (1990). Eric Shigongo naye baadaye alipita njia ya jirani: hadithi zake zilitoka kwa mfululizo katika magazeti ya kampuni yake, Global Publishers, kisha zikawa vitabu. Msomaji alinunua gazeti kwa bei ya nauli ya daladala, na wiki ijayo akarudi kutafuta kipande kinachofuata.

Walimu wetu wengi wameziita kazi za aina hii "riwaya pendwa" kwa sauti ya kukunja pua: karatasi duni, jalada la kelele, mapenzi na bastola. Mimi nasema tunahukumu karatasi badala ya maandishi. Dar es Salaam Usiku ilitafsiriwa kwa Kiingereza na kutolewa Nairobi na East African Educational Publishers mwaka 1999. Kitabu kilekile, mchapishaji mwingine, na ghafla kikawa na heshima ya kuwekwa kwenye rafu. Je, maudhui yalibadilika?

Hata hivyo tusimpambe mtu anayejichapishia. Anajitwika kazi ya mhariri, mhasibu na mchuuzi. Asipopata mhariri mkali, makosa yanabaki. Na akifa, kitabu kinaweza kufa naye, kwa sababu hakuna ofisi ya kukirudia kukipiga chapa. Mtobwa alifariki mwaka 2008. Leo kutafuta baadhi ya vitabu vyake ni kuzunguka kwa wauza vitabu vikuukuu.

Hesabu na mkataba

Sasa tuje kwenye fedha, jambo ambalo wahakiki hulionea haya. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 10,000, na mkataba unampa mtunzi mrabaha wa asilimia 10. Nakala 1,000 zikiuzwa zote, mtunzi anapata shilingi 1,000,000, kwa kazi ambayo huenda ilimchukua miaka mitatu. Anayejichapishia ataona fungu kubwa zaidi kwa kila nakala, lakini kwanza alipe mpiga chapa, mchora jalada, usafiri, na punguzo la mwenye duka. Nakala 600 zikibaki chumbani zinaliwa na mchwa, hasara ni yake peke yake.

Soko la shule lilikuwa ndilo linawaweka mjini wachapishaji wa Tanzania. Tangu miaka ya 2010 serikali ilipoirudishia Taasisi ya Elimu kazi ya kuandaa vitabu vya kiada, wachapishaji binafsi wamepoteza tegemeo kubwa, na faida iliyokuwa ikibeba riwaya na diwani imepungua. Mswada wako ukikataliwa leo, usidhani lazima ni mbaya. Huenda mchapishaji hana mtaji.

Ndiyo maana tuzo zimekuwa njia ya tatu. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell ilipokea hata miswada ambayo haijachapwa. Diwani ya Mohammed Ghassani, N'na Kwetu, ilishinda mwaka 2015, kisha ikatolewa na Mkuki na Nyota, kampuni aliyoiasisi Walter Bgoya mwaka 1991 baada ya kuongoza Tanzania Publishing House kwa miaka mingi. Lakini tuzo ni mlango mwembamba. Wanaingia wachache, wengine wote wanabaki uani.

Hitimisho

Msimamo wangu ni huu: hakuna njia bora kwa kila kitabu, ila ipo njia inayokifaa kitabu hiki. Mwandishi aanze na msomaji. Kama unamwandikia dada wa sokoni, bei na mahali pa kuuzia ndivyo vitangulie. Kama umeandika kitu cha kuchanganya akili kama Nagona, tafuta mchapishaji mwenye subira, hata kama mrabaha wake ni mdogo. Na kwa vyovyote vile, soma mkataba: haki ya tafsiri ni ya nani, ya kuweka kitabu kwenye simu ni ya nani, na nakala zikiisha bila kurudiwa, je, mswada unakurudia? Kifungu hicho cha mwisho ndicho kinachokiokoa kitabu kisizikwe kikiwa hai.

Nasi wahakiki tuna deni letu. Tukiendelea kuhakiki vile tu vilivyotufikia kwa mlango wa shule na chuo, tutakuwa tunaandika historia ya wachapishaji na kuiita historia ya fasihi. Kazi ya semina ijayo ianzie ukurasa wa mwanzo kabisa, ule wenye jina la mji.