Mikono ya Kitaluni

Mgeni anayeingia bustani ya mimea ya chuo kwa kawaida hupita chini ya miti mikubwa, akasoma vibao vya majina na kuona raha ya kivuli. Nikifika Mlimani, kwenye bustani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mimi huomba kupelekwa kitaluni kwanza. Ni kule nyuma, kwenye viriba vyeusi vilivyopangwa safu kwa safu, ambako uhai wa bustani yoyote unaanzia, na ndiko waliko watu ambao sijaona wakisifiwa vya kutosha: waoteshaji.

Nawawaza zaidi kwa sababu ya miti miwili ya misitu ya Kilwa. Wa kwanza ni Karomia gigas, mti mrefu wenye shina lililonyooka, ambao majani yake yako juu mno. Ukoo wake ni mmoja na mrehani, jambo linalonishangaza hadi leo, maana mrehani tunauchuma tumeinama. Wataalamu waliufahamu kwa mti mmoja ulioonekana pwani ya Kenya mwaka 1977, nao ukakatwa miaka michache baadaye. Mwaka 1993 ukapatikana mwingine kwenye kipande cha msitu kusini mwa Tanzania. Waliorudi kuutafuta hawakuuona.

Wa pili ni Erythrina schliebenii, ndugu wa mwamba-ngoma, wenye maua mekundu ya kuvutia na shina lililojaa miiba mikali. Jina lake limetokana na Mjerumani Schlieben, aliyekusanya mimea karibu na ziwa Lutamba, magharibi ya mji wa Lindi, katika miaka ya 1930. Kufikia 1998 mti huo ulikuwa umeandikwa katika orodha ya viumbe vilivyotoweka duniani. Mwaka 2001 ukaonekana tena. Mwaka 2008 msitu uliokuwa umeuhifadhi ukafyekwa kupisha shamba la mimea ya kukamuliwa mafuta ya nishati, na kwa mara nyingine watu wakaukatia tamaa.

Kisha, mwaka 2011, wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia misitu ya Kilwa wakaikuta yote miwili. Waliitambuaje miti ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona ikiwa hai? Jibu liko kwenye hebaria, yale makabati yanayohifadhi matawi yaliyobanwa katikati ya magazeti, yakakaushwa na kushonewa kwenye karatasi ngumu, na pembeni pameandikwa nani alichuma, wapi na lini. Hebaria kubwa ya Berlin iliungua kwa mabomu mwaka 1943, na vielelezo vingi vya Afrika Mashariki vikateketea. Kilichonusuru elimu ile ni ada ya zamani ya wakusanyaji: ukichuma tawi, chuma mengine ya mti uleule, ugawie wenzako wa mbali. Ni ada ya kiungwana, na bila hiyo tungekuwa na majina yasiyo na sura.

Lakini kuutambua mti ni jambo moja na kuuotesha ni jingine kabisa. Mwaka 2018 Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania ulikusanya matunda ya Karomia, yakasafirishwa hadi Bustani ya Mimea ya Missouri, mjini St. Louis, Marekani. Nyingi ya mbegu zilikuwa zimeshaharibiwa na kuvu. Chache zilizobaki hai zilikabidhiwa kwa watu ambao hawakuwa na wa kumwuliza, kwa kuwa hapakuwa na bingwa wa kuotesha mti huo popote. Wakajaribu udongo huu na ule, maji haya na yale, mpaka miche ikasimama. Baadaye mmoja ukatoa ua la zambarau iliyopauka, na hapo ndipo wanasayansi walipoliona ua la Karomia kwa mara ya kwanza. Nafurahi nikilifikiria ua hilo. Pia naumia kidogo, kwamba mti wa Kilwa ulifunguliwa ukurasa wake huo ndani ya kitalu nyumba, ng'ambo ya bahari.

Sasa hebu tuitazame kazi yenyewe. Mbegu za jamii ya mwamba-ngoma zina ganda gumu. Mwoteshaji hulikwangua upande mmoja, kina cha kupitisha maji tu, bila kugusa kiini. Kiriba hukiinua kwa mkono na kwa uzito wake akajua kama kina kiu, kama mpishi anavyojua wali umekauka kwa kusikiliza sufuria. Maji yakizidi, kuvu inapanda. Yakipungua, mche hunyauka na haurudi. Mche ukikaa kiribani kupita muda wake, mizizi hujizungusha na mti utakuja kuanguka miaka mingi baadaye, mwoteshaji mwenyewe akiwa hayupo kuona kosa lake. Halafu kuna kuuzoesha jua, wiki hii kivuli kizito, wiki ijayo chepesi, mpaka siku ya kuupeleka shambani. Elimu hii haikai vitabuni kwa urahisi. Inakaa vidoleni.

Na pwani yetu haina uhaba wa vidole hivyo. Kote Lindi na Mtwara wapo watu wanaobebesha mikorosho: wanachagua kikonyo kutoka mti uzaao vizuri, wanakichonga kwa kisu kikali, wanakiingiza kwenye mche uliopasuliwa na kukifunga kwa ukanda wa nailoni. Kituo cha utafiti cha Naliendele kimeyaeneza maarifa hayo kwa miaka mingi. Anayeweza kuunganisha matawi mawili yakawa mti mmoja hawezi kushindwa kujifunza Karomia, akipewa mbegu, muda na mshahara.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi ya mafunzo ya kilimo mkoani Lindi. Natamani eneo litengwe humo kwa ajili ya miti hii, pamoja na kitalu nyumba cha kufanyia kazi, na waoteshaji wake waajiriwe kutoka vijiji vinavyopakana na misitu ya Kilwa na Lindi, watu wanaojua mti upi unapukutisha lini na njia ipi inapitika masika. Umbali ni suala kubwa hapa. Kuvu inaiwahi mbegu, na kila siku inayopita njiani ni hasara. Mbegu iliyookotwa asubuhi msituni Kilwa ingeweza kuwa kitaluni Lindi jioni ya siku hiyohiyo.