Kumpiga Simba si Kujenga Timu

Wapenzi wa kandanda wa mkoa wetu wa Kagera wana hadithi moja wasiyochoka kuisimulia. Tarehe 19 Mei 2018 Simba walikuwa Dar es Salaam wakingoja kukabidhiwa kombe lao. Walikuwa hawajafungwa mchezo hata mmoja wa ligi msimu mzima, na Rais John Magufuli mwenyewe alikuwa uwanjani kuwakabidhi. Kagera Sugar wakatoka Bukoba, Edward Christopher akapachika bao moja, na mabingwa wakapokea kombe nyuso zimewashuka. Rais naye hakuficha maoni yake: kwa mchezo ule, aliwaambia, kombe la Afrika wasingelipata. Kwa watu wa Biharamulo hadithi hii ina utamu wa ziada, kwani Magufuli aliingia Bungeni mwaka 1995 kwa jimbo la Biharamulo Mashariki, wakati Chato haijawa wilaya wala Geita haijawa mkoa.

Hadithi ni ya kweli, nami naipenda kama wengine. Hata hivyo ninashawishika kusema kwamba imetudhuru. Mwezi Aprili 2017 tulikuwa tumekwisha wapiga Simba 2–1 Kaitaba. Msimu wa 2018/19 tukawapiga nje na ndani: 2–1 Bukoba, kisha 1–0 Dar es Salaam, na Simba hao hao wakaishia kuwa mabingwa. Sasa msomaji ajiulize, timu iliyompiga bingwa mara mbili katika msimu mmoja ilimaliza nafasi ya ngapi? Ilimaliza mahali pa kulazimika kucheza mchujo na Pamba ya Mwanza ili isishuke daraja. Mchezo wa kwanza ulikwisha bila kufungana, na Kaitaba tukapona kwa mabao 2–0.

Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na mwanachuo wa namna hii namfahamu vizuri. Siku mkaguzi anapokuja darasani, somo lake ni la kupigiwa mfano: zana ziko mezani, ubao umeandikwa kwa mpangilio, wanafunzi wanajibu kwa sauti moja. Mkaguzi akishaondoka, andalio la somo halionekani tena mpaka muhula unaofuata. Huwezi kumwita mtu huyo mwalimu hodari kwa sababu ya siku ile moja. Ligi ya timu 16 ina michezo 30, na Simba na Yanga kwa pamoja hawazidi minne kati ya hiyo. Ile 26 iliyobaki, dhidi ya timu za kawaida, katika viwanja vya kawaida, mbele ya watazamaji wachache, ndiyo inayoamua nani abaki na nani aondoke. Mwaka 2025 iliamua. Kagera Sugar, Wanankurukumbi wetu, wakashuka pamoja na KenGold ya Chunya baada ya kukaa Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 15 mfululizo, na Kaitaba ikaanza msimu wa 2025/26 ikiwa uwanja wa Championship.

Wako wenzangu pale Ngara mjini wanaosema kwamba tulionewa na ligi. Hapo naomba tutenganishe mambo. Kwamba ligi yetu imekuwa ikiendeshwa kwa namna ya kusikitisha, nakubali. Ule ushindi wa Aprili 2017 ni ushahidi tosha. Simba walikata rufaa wakidai kwamba beki wetu Mohamed Fakhi alikuwa na kadi tatu za njano na hakustahili kucheza. Kamati ile iitwayo ya Saa 72 ikawapa Simba pointi tatu. Baadaye kamati nyingine ya TFF ikatengua uamuzi huo na kuturudishia pointi zetu. Msimu ukamalizika Yanga na Simba wakiwa na pointi 68 kila mmoja, Yanga wakawa mabingwa kwa tofauti ya mabao. Maana yake ni kwamba ubingwa wa nchi nzima ulitegemea hesabu ya kadi za mchezaji mmoja, na hesabu hiyo ikazua ubishi wa wiki kadhaa kati ya watu wazima wenye ofisi, mihuri na makatibu. Kadi ya njano huonyeshwa hadharani, mbele ya maelfu ya watu, na mwamuzi huiandika papo hapo. Katika shule yoyote niliyoiongoza, mwalimu wa zamu aliyeshindwa kueleza mtoto fulani alihudhuria siku ngapi asingepewa daftari la mahudhurio kwa muhula wa pili.

Wala mambo hayakuishia hapo. Agosti 2023 Kitayosce, walioitwa Tabora United baadaye, waliingia uwanjani kucheza na Azam wakiwa wanane tu, kwa kuwa usajili wa wengine haukuwa umekamilika. Mchezo ukavunjika mapema, Azam wakiongoza 4–0, kwa sababu Kitayosce walibaki pungufu ya saba. Kisha tarehe 8 Machi 2025 mchezo wa Simba na Yanga, ambao watu walisafiri kutoka mikoani kwenda kuuona, uliahirishwa siku ile ile. Simba walikuwa wamesema hawachezi kwa kuwa walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mchezo. Ulikuja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2–0. Na hii si ligi maskini tena kama ile ya enzi za RTC: mwaka 2021 Azam Media walitia saini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ratiba inayoaminika na rejista isiyo na utata ni vitu vya bei rahisi ukilinganisha na fedha hiyo.

Nakubali yote hayo. Ila hakuna kamati iliyotushusha daraja. Pointi za 2017 tulirudishiwa, na msimu ule tulimaliza wa tatu chini ya kocha Mecky Maxime. Tumeshushwa na kikosi chetu, na ni kikosi hicho ninachotaka kukisema sasa.

Kijiweni kila mtu ana dawa yake. Mmoja anataka kocha mpya kila baada ya michezo mitano. Mwingine anataka wachezaji wa kigeni, kwa kuwa kanuni za miaka hii zimeruhusu klabu kusajili hadi 12. Mimi simkatai mgeni. Nimeishi maisha yangu katika wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi, na nikianza kuogopa wageni nitakuwa kichekesho. Ninachouliza ni nani atakayebaki naye. Mgeni anayefunga mabao kumi akiwa Bukoba hatamaliza mwaka wa pili Bukoba. Msimbazi au Jangwani watamwita, naye atakwenda, na asipokwenda nitamshangaa. Mgeni atakayebaki kwetu ni yule ambaye hakuna aliyemtaka. Klabu ya kiwanda cha sukari haiwezi kushindana kwa mfuko na klabu zenye mashabiki nchi nzima.

Msomaji atazame benchi badala ya wale kumi na mmoja. Timu ya daraja letu ikiwa na wachezaji kumi na mmoja wazuri itawapiga Simba, kwa sababu siku hiyo kila mtu ni mzima na kila mtu anataka kuonekana kwenye televisheni. Anayecheza Februari ni mtu mwingine. Beki wa kati ameumia goti, kiungo ana kadi, mshambuliaji amechoka safari ya basi, na anayeinuka benchi ni kijana aliyesajiliwa wiki moja kabla dirisha dogo halijafungwa, ambaye wenzake hawajamzoea hata jina. Mahitaji ya kikosi yako hapo: walinda mlango wawili wanaolingana, mabeki wa kati wanne waliokaa pamoja misimu miwili, na mshambuliaji ambaye kazi yake ni kuifunga timu ya mkiani siku ya Jumatano jioni. Wa kuwafunga Simba tumeshapata wa kutosha.

Watu hao watatoka wapi? Mtibwa, ndugu zetu wa sukari kutoka Morogoro, walishuka mwaka 2024 na msimu uliofuata wakapanda tena. Mabingwa wa nchi wa 1999 na 2000 wametunza timu ya vijana kwa miaka mingi, na vijana hao wa chini ya miaka 20 wametwaa ubingwa wao zaidi ya mara moja. Mtu anayeshuka akiwa na timu ya pili nyuma yake hushuka na ngazi mkononi.

Sisi tuna nini? Kila mwaka shule zetu za Ngara na Biharamulo zinacheza UMITASHUMTA na UMISSETA. Nimekaa pembeni mwa viwanja hivyo tangu nikiwa mwalimu kijana. Vijana wanachaguliwa kata, wilaya, wakifaulu wanakwenda mkoa. Wanarudi na jezi ya mkoa, na mambo yao yanaishia hapo. Kijana wa Rusumo yuko karibu na Kigali kuliko Bukoba. Akiwa na kipaji ataona taa za mpira wa Rwanda kabla hajaona za Kaitaba, na akikosa bahati hiyo atapanda bodaboda kubeba abiria wa mpakani Kabanga. Majina ya wachezaji hao yameandikwa, tena vizuri, na walimu wa michezo: jina, umri, shule, nafasi anayocheza. Karatasi hizo ziko kwenye majalada ya ofisi za elimu za wilaya.

Kagera Sugar wangemtuma mtu mmoja tu, mwenye daftari na macho mazuri, akae wiki moja Ngara na wiki moja Biharamulo wakati wa mashindano ya wilaya. Asije na magari wala wapiga picha. Apande basi kama sisi, afikie nyumba ya wageni ya kawaida, aende uwanjani saa tisa alasiri kabla jua halijapoa, na aanze kumtazama kwanza mlinda mlango.