Ahadi ya Dola 10,000: Tashtiti ya Umisionari na Mipaka Yake katika “Missionary: Impossible”

Kipindi cha “Missionary: Impossible”, katika mfululizo wa katuni wa The Simpsons, kilirushwa na Fox nchini Marekani tarehe 20 Februari 2000. Kiliandikwa na Ron Hauge na kuongozwa na Steven Dean Moore. Msuko wake unaanzia sebuleni, si kanisani. Homer Simpson, akikerwa na harambee ya televisheni ya umma inayokatiza burudani yake, anaahidi kwa simu dola 10,000 asizokuwa nazo ili harambee ikome. Wachangishaji wanapomwandama, anakimbilia kwa Mchungaji Lovejoy, naye anamsafirisha hadi kisiwa kimoja cha Pasifiki Kusini akiwa mmisionari. Wito mtakatifu unageuka kuwa njia ya kukwepa deni.

Kejeli ya kipindi hiki imejengwa juu ya pengo lililopo kati ya cheo na mwenye cheo. Homer hana elimu ya dini. Hata jina la Yesu hulikosea. Hivyo, kinachoshambuliwa si imani yenyewe, bali dhana kwamba mtu asiyetegemewa kwao anatosha kuwa mwalimu wa watu wa ng’ambo. Anachowapelekea wenyeji ni kile anachokijua: pombe na kamari. Kasino yake inapozaa ulevi na vurugu, anajuta na kujenga kanisa. Nayo kengele ya kanisa hilo inazusha tetemeko la ardhi na mtiririko wa lava. Mfuatano huo una uzito wa kimaudhui. Kasino na kanisa ni majengo ya mtu mmoja, yaliyotokana na uamuzi wa mtu huyohuyo, na yote mawili yanaleta maafa.

Katika The Invention of Africa (1988), V. Y. Mudimbe anaeleza kuwa usemi wa mmisionari umekwisha kupangwa kabla hajakutana na wale anaowahubiria, na kwa hiyo hauruhusu majadiliano ya kweli. Homer anaonekana kuwa kinyume cha maelezo hayo, kwa kuwa hana mahubiri yoyote aliyoyaandaa. Hata hivyo, majadiliano hayapatikani. Wenyeji huzungumza, lakini sehemu kubwa ya maneno yao ni mwitikio kwa matendo ya Homer. Msichana mmoja anapewa jina la binti yake, Lisa, na kasino inaitwa “The Lucky Savage”, jina linalomwita mwenyeji mshenzi. Ni kweli kwamba dharau hiyo imewekwa kinywani mwa mjinga ili ichekwe. Lakini kipindi hakimpi mtazamaji picha nyingine ya wenyeji ya kulinganisha nayo.

Udhaifu huo unadhihirika zaidi katika hitimisho. Homer na msichana huyo wakiwa karibu kutumbukia kwenye lava, hadithi inakatizwa na harambee nyingine, safari hii ya Fox yenyewe, na Bart, mwana wa Homer, anapiga simu kuahidi dola 10,000. Kwa upande wa fani, mwisho huu ni wa kistadi: kiasi kilekile kilichofungua kisa ndicho kinachokifunga, na televisheni inajiumbua kuwa mchangishaji asiyetofautiana na wengine. Kwa upande wa maudhui, una gharama. Hatima ya wanakisiwa haielezwi, wala hakuna mhusika anayeiulizia.

Kwa hiyo, “Missionary: Impossible” ni tashtiti kali dhidi ya mtumaji na mtumwa, lakini ni dhaifu kwa upande wa waliotumiwa. Inamvua mmisionari heshima yake bila kumrejeshea mwenyeji ya kwake. Kicheko hurudi Marekani salama. Kisiwa kinaachwa kikitetemeka.