Herufi Zilizoachiwa Wino Uzimalize

Ukiikuza fonti ya Bell Centennial kwenye kompyuta, utadhani faili limeharibika. Kila mahali mistari miwili ya herufi inapokutana pana pengo lililomegwa kwa ndani, kana kwamba mchwa wamepita. Ichape sasa kwa ukubwa wa pointi 6 kwenye karatasi hafifu ya kitabu cha simu: mapengo yote yanatoweka, na pembe zinatokea safi.

Kazi hiyo ni ya Matthew Carter, msanifu herufi mzaliwa wa London. Kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, iliitaka kwa ajili ya vitabu vyake vya simu, katika kuadhimisha miaka 100 tangu simu ivumbuliwe mwaka 1876, na ikakamilika mwaka 1978.

Fonti iliyotangulia, Bell Gothic ya mwaka 1938, ilisanifiwa chini ya usimamizi wa Chauncey Griffith kwa mashine za Linotype zilizomimina kila mstari kwa risasi ya moto, na ilitumika vizuri kwa miongo kadhaa. Balaa lilianza mitambo ilipobadilika. Herufi zikawa zinapangwa kwa mwale wa elektroni kwenye kioo, kisha kurasa zinachapwa kwa ofseti, kwa kasi kubwa. Mistari myembamba ikamomonyoka. Mafundi wakaongeza wino ili kufidia, na wino ukaziba matundu ya 6, 8 na 9. Katika kitabu cha simu, tarakimu moja ikisomeka vibaya msomaji anampigia mtu asiyemjua.

Carter hakuivalisha Bell Gothic viraka. Alichukua karatasi ya miraba, kila mraba ukisimama badala ya nukta moja ya mtambo, akachora herufi moja moja kwa mkono. Kwa mtambo ule, mstari wa mshazari haukuwa mstari bali ngazi, na Carter aliamua mwenyewe kila kipandio kikae wapi. Sehemu ya kidijitali ya kazi hii, basi, ilifanywa kwa penseli.

Kisha akauingiza wino kwenye hesabu. Yeyote aliyebaki na vidole vyeusi baada ya kusoma gazeti anajua tabia ya karatasi ile: inanyonya, na wino unatambaa, hasa kwenye kona, ambako unajikusanya. Kwa hiyo kona zikachimbwa mapema ili wino upate pa kwenda. Mchoro ulitoka mezani ukiwa na upungufu wa makusudi, na mtambo wa kuchapia ukaumalizia.

Huo ndio usawa wa kweli kati ya mkono na mashine, na inasikitisha ukiulinganisha na ule unaopita kwa jina hilo siku hizi, pale bango linapokamilishwa kwenye kompyuta kisha likapakwa chembechembe za karatasi kuukuu. Chembechembe hizo hazitatui tatizo lolote. Pengo la Carter lina kazi.

Pengine ni mtu wa malezi yake tu angeweza kufikiri hivyo. Mwaka 1955, kabla ya kutimiza miaka 19, alikwenda kujifunza kuchonga herufi kwenye chuma katika kiwanda cha Enschedé, Haarlem, Uholanzi. Fundi wa namna hiyo anazoea kuihukumu herufi ikiwa imeshatua kwenye karatasi.

Njia ileile ilirudi alipoisanifu Verdana kwa ajili ya Microsoft, iliyotolewa mwaka 1996. Safari hii hapakuwa na wino. Palikuwa na skrini zenye nukta chache. Carter alianza na mwisho: alipanga kwanza nukta za maandishi madogo, ndipo akachora mistari laini ya nje kuzifuata. Mwenzake katika kazi hiyo, Tom Rickner, akaandika maelekezo ya kuirudisha mistari hiyo kwenye nukta zilezile. I kubwa ikapewa vikono juu na chini, ili hata kwenye skrini duni isichanganywe na l ndogo.