Takwimu na Mkono Uliozichora

Catherine D'Ignazio na Lauren F. Klein walipotoa kitabu chao Data Feminism mwaka 2020, waliwawekea wataalamu wa michoro ya takwimu swali ambalo wengi walikuwa wakilipita: ni nani aliyehesabu, na kwa faida ya nani? Kwa muda mrefu mchoro mkavu, usio pambo wala huzuni, ulisifiwa kana kwamba ukavu wake ndio ukweli. Waandishi hawa wakataa. Wakimfuata Donna Haraway, aliyeandika mwaka 1988 kwamba kila ujuzi una mahali utokapo, wasema kuwa mchoro usioonekana mwenyewe umemficha tu.

Hoja yao yapata nguvu katika ramani mbili za Detroit. Ile ya mwaka 1939 ilipanga mitaa kwa hatari ya kukopesha fedha, na mitaa ya watu weusi ikatiwa rangi nyekundu. Ile ya mwaka 1971, iliyotokana na kazi ya Gwendolyn Warren, vijana wenziwe na mwanajiografia William Bunge, yaonyesha mahali watoto weusi walipogongwa na magari ya wapitao kwenda kazini. Zote mbili zatoa hukumu. Ya pili yakiri hukumu yake katika jina lake. Ya kwanza yajiita hesabu tu.

Walakini kitabu kina upungufu. Chaitetea hisia katika mchoro, lakini hakitoi kipimo cha wazi cha kutenga hisia iliyozaliwa na ushahidi na ile iliyopakwa juu yake. Mfano wake wenyewe ungetosha kukifundisha. Habari za vifo vile hazikupatikana bure. Ilibidi wenyeji wapitie kwa wanasiasa ndipo wazipate kwa polisi. Pasipo juhudi hiyo, jina kali la ramani lingekuwa kelele. Kilichoipa haki ya kulia ni hesabu.

Kwa wanalugha jambo hili si geni. Data, kwa Kilatini, ni vilivyotolewa. Mwaka 2011 Johanna Drucker alipendekeza badala yake capta, yaani vilivyotwaliwa. Kiswahili hakihitaji marekebisho hayo. Takwimu ni neno la asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni kunyosha na kukadiria thamani. Wala hapana ukadirio usio na mkadiriaji.