"Zamani" na "kizamani"

Maneno haya mawili hutumiwa kana kwamba ni sawa. Zamani, lenye asili ya Kiarabu, lataja wakati. Kizamani, kwa kiambishi ki- cha namna, latoa hukumu. Nyumba ya zamani ilijengwa kale. Nyumba ya kizamani yaweza kujengwa jana, kwa namna ambayo watu wamekwisha kuiacha.

Basi mhakiki akisema kwamba "Vocabulaire de ville de Elisabethville" ya André Yav (1965) imeandikwa kwa Kiswahili cha kizamani, akosea. Andiko ni la zamani, bali namna yake ya kusema haijaachwa: Lubumbashi hata leo husemwa "watu ya zamani", "vitu ya zamani". Kutofuata usanifu si kupitwa na wakati.